Daftari riaktivi "halina hali fiche". Mbona langu linanipa majibu mawili?

Mpima_Joto · #1

Wadau wa data, salaam. Naomba tuelimishane.

Nimehama kutoka daftari la kawaida (ukurasa wa msimbo uliogawanywa vipande viitwavyo seli, kila kimoja unakiendesha peke yake) kwenda daftari riaktivi la Python, lile ambalo ukigusa seli moja, zote zinazoitegemea zinajiendesha zenyewe. Kilichonivuta ni ahadi yake: unachokiona kwenye skrini ndicho kilichomo kwenye kumbukumbu, na suala la seli ipi itangulie si kazi yako tena. Yaani hakuna hali fiche, zile thamani zinazobaki kwenye kumbukumbu bila kulingana na msimbo unaouona.

Sasa tazameni. Nina faili la vipimo vya vihisi, joto limeandikwa kwa Farenhaiti. Seli ni tatu tu:

```
1:  jedwali = pd.read_csv("vipimo.csv")
2:  jedwali["joto"] = (jedwali["joto"] - 32) * 5 / 9
3:  jedwali["joto"].max()
```

Kipimo cha juu kabisa kwenye faili ni 212, yaani maji yanayochemka. Seli ya 3 ikanipa 100. Safi. Nikarudi seli ya 2 kuongeza mstari wa maelezo, nikaiendesha. Seli ya 3 haikushtuka, 100 ile ile. Baadaye nikaiendesha seli ya 3 yenyewe, ikatoa 37.78. Maji yaliyokuwa yanachemka sasa yana homa kidogo tu.

Hali fiche imeingilia wapi kwenye kitu kinachojisifu kwamba hakina hali fiche?

---

Ngoja_Nisome · #2

Nimekaa siti ya mbele. Waje wataalamu.

---

Chatu_Mpole · #3

Mkuu, daftari halijakudanganya, limesoma msimbo wako tofauti na ulivyodhani.

Madaftari haya ya Python, marimo likiwa mfano unaojulikana zaidi, hayachungulii kinachotokea kwenye kumbukumbu. Yanasoma maandishi ya msimbo kabla hayajaendesha chochote, na kwa kila seli yanatafuta mambo mawili: inaunda majina gani, na inatumia majina gani yaliyoundwa na seli nyingine. Mishale inachorwa kutokana na hayo.

Seli yako ya 1 inaunda `jedwali`. Seli ya 2 haiundi jina lolote. Kuandika ndani ya safu ya jedwali ni kulitumia jina lililopo, basi. Seli ya 3 nayo inalitumia. Kwa hiyo una mshale 1→2 na mshale 1→3. Kati ya 2 na 3 hakuna mshale. Ulipoendesha 2 mara ya pili, ilichukua Selsiasi ikaifanyia hesabu ya Farenhaiti: (100 − 32) × 5/9 ni 37.78. Na kwa kuwa 3 haiitegemei 2, hakuna aliyeiamsha.

Iendeshe 2 tena utapata 3.21. Maji yanakaribia kuganda.

Dawa: ama uhamishie hesabu hiyo ndani ya seli ya 1, ama uunde jina jipya, `joto_c = jedwali.assign(joto=(jedwali["joto"] - 32) * 5 / 9)`, halafu seli ya 3 isome `joto_c`. Hapo mishale itakuwa 1→2→3, na 2 unaweza kuiendesha hata kutwa nzima, jibu halitasogea.

---

Mzee_wa_Skripti · #4

Mimi naandika skripti. Inaanza juu, inaishia chini, ikifa inakufa yote. Sijawahi kuhitaji mishale.

---

binti_takwimu · #5

Mzee wa Skripti shikamoo, najua hukosi kwenye uzi wowote wa madaftari 😂

Kwa #1: shukuru Mungu seli zako ni tatu. Mimi nilirithi daftari la kawaida kutoka kwa mwenzangu aliyehamia kitengo kingine. Namba za pembeni ya seli zilikuwa zinasomeka hivi kutoka juu kwenda chini: [3], [41], [4], [38], [14]. Zile namba kwenye Jupyter, daftari la kawaida maarufu, ni zamu ya kuendeshwa tangu kerneli (programu inayoendesha msimbo na kushika kumbukumbu) iwashwe, kwa hiyo kabla sijasoma mstari hata mmoja nilishajua mwenyewe alikuwa anapanda na kushuka. Nyingi zilizokosekana katikati ni seli zilizoendeshwa kisha zikafutwa, au zikaendeshwa tena na kupata namba mpya.

Seli ya [14] ilitumia kigeu kinaitwa `kizingiti`. Nikatafuta daftari zima kilipoundwa: hakuna. Seli iliyokiunda ilishafutwa, lakini thamani ilibaki hai kwenye kerneli yake, kazi ikaendelea bila kelele. Kwangu nilipowasha upya, NameError (kosa la jina lisilojulikana) mstari wa kwanza. Ripoti ilikuwa imeshakwenda kwa wakubwa ikiwa na namba iliyotokana na kizingiti ambacho hakuna anayekijua.

Kilichotuokoa ni kwamba IPython, injini ya Python iliyo ndani ya Jupyter, huhifadhi kila ulichokiendesha kwenye hifadhidata ndogo ya SQLite kwenye kompyuta ya aliyekiendesha. Alifungua kwake akaandika `%history -g kizingiti`, mstari ukatoka: 0.35. Kama kompyuta ile ingekuwa imeshafutwa, tungekuwa tunakisia mpaka leo.

---

Ngoja_Nisome · #6

Hiyo `%history -g` naandika mahali. Asante dada.

---

Kiroboto · #7

Balaa hili lilianza 2014 Jupyter ilipokuja. Kabla ya hapo watu walikuwa wanaandika programu za maana. Na kuna utafiti ulionyesha robo tatu ya madaftari ya GitHub (hifadhi ya misimbo mtandaoni) hayaendeshiki kwa sababu seli zimeendeshwa hovyo.

---

Mlinganyo · #8

> Kiroboto alisema: Balaa hili lilianza 2014…

Tarehe kwanza. 2014 ni mwaka wa jina la Jupyter, mradi ulipotengwa na IPython. Daftari lenyewe lilitoka ndani ya IPython mwaka 2011, na IPython ya Fernando Pérez ni ya 2001. Tena daftari lenye seli unazoendesha kwa mpangilio unaotaka lilikuwepo kwenye Mathematica tangu 1988, na hali fiche yake ikiwa humo humo.

Utafiti unaousema ni wa Pimentel na wenzake, 2019. Walikusanya madaftari takribani milioni 1.4 kutoka GitHub, wakajaribu kuendesha 863,878. Yaliyofika mwisho bila kosa ni asilimia 24.11. Yaliyotoa matokeo yale yale yaliyokuwa yamehifadhiwa ni asilimia 4.03. Lakini kusema robo tatu ziliangushwa na mpangilio wa seli si kweli. Makosa yaliyoongoza yana maktaba zisizopatikana na mafaili yasiyokuwepo. NameError ya binti_takwimu imo kwenye kundi hilo la juu, ila haiko peke yake.

Ukitaka kutisha watu, itishe ile 4.03. Daftari linafika mwisho salama salimini, linatoa namba nyingine.

---

Kiroboto · #9

Nimekuelewa profesa. Balaa ni balaa tu, la 1988 au la 2014.

---

Mpima_Joto · #10

Chatu_Mpole, nimejaribu `assign`, imetulia. Ahsante sana.

Ila bado sijaridhika. Mimi binadamu nikisoma seli ya 2 naona kabisa kwamba inabadilisha `jedwali`. Pana alama ya `=` pale. Kwa nini programu ishindwe kuona kitu ambacho mtu yeyote anakiona?

---

Dada_Grafu · #11

Kwa sababu mfano wako ni rahisi kuliko maisha. Jaribu hii:

```
A:  a = [3, 1, 2]
B:  b = a
C:  b.sort()
D:  a[0]
```

C haitaji `a` popote. Lakini `b` na `a` ni majina mawili ya kitu kimoja, kwa hiyo D itatoa 3 au 1 kutegemea kama C imeshapita. Ukisoma maandishi peke yake unatakiwa ujue kwamba `.sort()` inapanga orodha ile ile wakati `sorted()` inatengeneza mpya. Sasa fikiria maktaba nzima yenye maelfu ya fanksheni, nyingine zimeandikwa kwa C, kila moja na tabia yake. Na ukimpa fanksheni jedwali lako, `safisha(jedwali)`, hujui kama atakurudishia nakala au ameshachokonoa la kwako kimya kimya.

Kwa hiyo waliotengeneza zana walichagua: tunafuatilia majina, hatufuatilii vitu. Ni kanuni ngumu kidogo lakini inatabirika, unaweza kuisoma na kuikumbuka. Kukisia nusu ya mabadiliko na kukosa nusu nyingine ningeona ni kubaya zaidi.

Wapo waliokwenda njia ya pili. ipyflow inakaa ndani ya Jupyter na kufuatilia wakati msimbo unaendeshwa, siyo kabla. Inaona mengi ambayo kusoma maandishi hakuoni. Gharama yake ni kwamba inabidi uendeshe kwanza ndipo ijue.

---

KerneliImekufa · #12

Mnazunguka mbuyu. Tatizo ni Python. Lugha inayoruhusu kila mtu kuingia kwenye kitu cha mwenzake na kukigeuza haiwezi kuwa na daftari salama, uweke riaktivi uweke nini. Nendeni Livebook, daftari la lugha ya Elixir. Kule data haibadiliki ikishaundwa, unaunda nyingine. Hiyo `b.sort()` haipo.

---

Mlinganyo · #13

Nusu kweli. Elixir inafunga mlango wa #11, hapo nakubali. Lakini Livebook haifuati mishale kwa namna ya marimo au Pluto (daftari la lugha ya Julia). Mpangilio wake ni wa ukurasa: seli inaona zilizo juu yake, na ukibadilisha ya juu, za chini zinazoitegemea zinawekewa alama kwamba zimepitwa na wakati. Kujiendesha zenyewe ni chaguo unaloliwasha. Na Elixir ina michakato inayobeba hali ndani yake, pia ina jedwali za ETS (hifadhi ya pamoja kwenye kumbukumbu) ambazo seli yoyote inaweza kuziandikia. Ukitaka kuficha hali kule utaificha vizuri tu.

Polynote, iliyotoka Netflix mwaka 2019, nayo ilishika njia hiyo ya ukurasa: seli inaona vilivyoundwa na seli za juu yake, siyo za chini.

---

Julia_na_Mimi · #14

Mmetusahau. Pluto ya Julia iko kwenye mchezo huu tangu 2020, na inafanya kitu kizuri: kila mzunguko wa kuendesha inahamia kwenye moduli mpya, majina ya zamani yanabaki nyuma. Ukifuta seli, vigeu vyake vinakufa. Kisa cha `kizingiti` cha #5 hakiwezi kutokea.

Faili lake pia ni msimbo wa kawaida wa `.jl`. Seli zimeandikwa humo kwa mpangilio wa kuendeshwa, halafu mwishoni ndipo kuna orodha inayosema zionekane vipi kwenye ukurasa. Unaweza kuandika hitimisho juu na maandalizi yote chini, na faili likaendeshwa kama skripti. Mzee wa Skripti umesikia?

---

Mzee_wa_Skripti · #15

Nimesikia. Kwa hiyo mmezunguka kote huko mkarudi kwenye skripti.

---

Dada_Grafu · #16

😂😂 Mzee ana pointi.

Julia_na_Mimi, kwa haki: `push!(orodha, 5)` kwenye seli nyingine Pluto haitaiona pia. Ile alama ya mshangao mwishoni mwa jina ni desturi ya watu wa Julia ya kuonyana, lugha yenyewe haimlazimishi mtu. Kisa cha #5 mmekifunga. Cha #1 mnacho sawa na sisi.

---

Karani_Mstaafu · #17

Vijana, mimi nimefanya kazi na lahajedwali miaka yangu yote na nawasoma nikishangaa. Mnachokitafuta kipo tangu VisiCalc mwaka 1979. Unabadilisha kisanduku kimoja, vyote vinavyokitegemea vinahesabiwa upya kwa kufuata utegemezi. Hakuna aliyewahi kuuliza kisanduku kipi kitangulie.

---

Mlinganyo · #18

Mzee shikamoo. Kwa heshima zote, VisiCalc ya Bricklin na Frankston ilihesabu kwa safu mlalo au kwa safu wima, moja baada ya nyingine. Ukiwa na fomula inayotegemea kisanduku kilicho mbele yake, ilibidi uamuru kuhesabu tena ndipo itulie. Kufuata utegemezi kulikuja na kupata umaarufu kwenye Lotus 1-2-3, 1983. Kwa hiyo hata lahajedwali zilipitia ugonjwa huu huu wa mpangilio.

---

Karani_Mstaafu · #19

Marahaba. Lotus nayo niliitumia. Hoja yangu kubwa haijaguswa lakini. Fomula kwenye kisanduku C5 haiwezi kwenda kuandika ndani ya A1. Inasoma A1, inatoa jibu lake palepale ilipo. Nyinyi seli zenu zinasoma na kuandika popote, halafu mnategemea mishale iwalinde.

---

Chatu_Mpole · #20

Hapo Mzee Karani umegonga penyewe. Hiyo ni tofauti kubwa kuliko zote zilizotajwa humu, na ndiyo sababu nasema mpangilio wa seli si chanzo cha shida ya #1. Chanzo ni kuandika ndani ya kitu cha seli nyingine. Mpangilio unaifichua tu.

Observable, zana ya madaftari ya Mike Bostock yule wa D3 (maktaba ya kuchora data), imejaribu kulibana hilo kwa JavaScript: seli hairuhusiwi kupachika thamani mpya kwenye jina la seli nyingine mpaka jina lenyewe liwe limetangazwa `mutable`. Uchafuzi wa ndani ya orodha bado unawezekana, ila walau kubadilisha jina kunatangazwa.

---

Nasibu_42 · #21

> Chatu_Mpole alisema: mpangilio wa seli si chanzo

Sikubaliani. Chukua hii, `r` ni jenereta ya namba nasibu yenye mbegu (namba ya kuanzia) 42, na hakuna anayeandika ndani ya kitu cha mwenzake, au ndivyo inavyoonekana:

```
P:  r = np.random.default_rng(42)
Q:  x = r.normal(size=1000)
S:  y = r.normal(size=1000)
```

Mishale ni P→Q na P→S. Swali: Q itangulie au S? Grafu, yaani ramani ya mishale hiyo, inaruhusu zote mbili. Kahn alieleza tangu 1962 namna ya kupanga vitu vinavyotegemeana, na mpangilio halali mara nyingi ni zaidi ya mmoja. Zana itachagua mmoja, sawa, lakini Q ikitangulia inapata namba elfu za kwanza, ikifuata inapata elfu za pili. Mbegu ni 42 pande zote na matokeo ni tofauti.

Halafu weka kitelezi kinachoiamsha Q peke yake. Kila ukikivuta, Q inaendelea pale jenereta ilipoishia. `x` yako sasa inategemea umekivuta mara ngapi. Ni hali fiche ambayo inaongezeka kwa kidole chako.

---

Chatu_Mpole · #22

Jenereta inabadilika ndani kila ikiitwa. Hiyo NI kuandika ndani ya kitu cha seli nyingine, umeivalisha kanzu tu. Unda `default_rng(42)` ndani ya Q na nyingine yenye mbegu yake ndani ya S, yameisha.

---

Nasibu_42 · #23

Umetibu, hujakanusha. Kama kungekuwa na mpangilio mmoja tu unaolazimishwa, juu kwenda chini, mfano wangu ungetoa jibu moja siku zote bila hiyo tiba.

---

Dada_Grafu · #24

Ungetoa jibu moja endapo unaendesha yote kila mara. Kitelezi chako kikiamsha seli moja, hata juu-kwenda-chini haikusaidii. Streamlit, zana ya kutengeneza kurasa za data kwa Python, inaendesha skripti nzima tangu juu kila ukigusa kitu, ndiyo maana mfano wako kule unatulia. Bei yake ni kwamba kila kitu kinarudiwa, na watu wanaishia kuweka kache na kuhifadhi vitu kwenye kikao ili isichoke. Ukishahifadhi kwenye kikao…

---

Kiroboto · #25

…hali fiche imerudi na mizigo yake. 😂

---

Mfunza_Mashine · #26

Nawasoma nikiwa na swali la tumbo. Seli yangu ya kufunza modeli inachukua saa tatu. Iko chini ya seli ya mipangilio. Nikisahihisha herufi moja kwenye kigeu cha jina la chati ambacho kimo kwenye seli ile ile ya mipangilio, daftari riaktivi linaanza kufunza upya. Niliona feni ya mashine inaunguruma nikadhani imevamiwa.

---

Chatu_Mpole · #27

Gawa seli ya mipangilio. Kigeu cha rangi na jina kisikae nyumba moja na kigeu cha kufunza. Mshale unatoka kwenye seli nzima, siyo kwenye jina moja moja: seli ikiendeshwa, wote wanaotumia lolote lake wanaamka.

Halafu washa hali ya uvivu. marimo inayo. Badala ya kuendesha zinazotegemea, inaziwekea alama kwamba zimechakaa, unaziendesha ukiwa tayari.

---

Nasibu_42 · #28

Na ukiziacha zimechakaa ukafanya kazi kwenye seli nyingine, kwenye kumbukumbu una `modeli` iliyofunzwa kwa mipangilio ya jana na mipangilio ya leo pembeni yake. Nikumbushe tena tunaita nini hali ya namna hiyo?

---

Chatu_Mpole · #29

Tunaita hali iliyowekewa alama ya njano. Fiche ni ile isiyo na alama.

---

binti_takwimu · #30

Alama ya njano mtu ataizoea ndani ya wiki. Ndivyo ilivyokuwa kwa zile namba za mabano za Jupyter. Zilikuwa zinasema kila kitu, [3] [41] [4], na hakuna aliyezisoma. Mwaka 2018 Joel Grus alisimama JupyterCon, mbele ya wapenzi wa madaftari wenyewe, akawaonyesha jinsi hali fiche inavyowachanganya wanaoanza. Watu walicheka, wakapiga makofi, wakarudi kuendesha seli wanavyojua wao. Kwa maoni yangu tatizo si zana hata kidogo. Ni kwamba hakuna anayewasha upya kerneli na kuendesha yote kabla ya kumpelekea mtu kazi.

---

Mfunza_Mashine · #31

Dada, niendeshe yote? Saa tatu?

Mimi nitasema kitu ambacho hamtakipenda. Hali fiche ndiyo sababu natumia daftari. Modeli imeshapakiwa, data imo kwenye kumbukumbu, nabadilisha mstari mmoja naona jibu papo hapo. Ningetaka kila kitu kianze upya kila mara ningekuwa na Mzee wa Skripti kule kwake. Mnataka kunisafishia kitu ninachokitumia.

---

Mzee_wa_Skripti · #32

Karibu. Nafasi ipo.

---

Dada_Grafu · #33

Mfunza_Mashine, hatugombani na thamani kukaa kwenye kumbukumbu. Swali ni kama thamani hiyo bado inalingana na msimbo unaoonekana. Modeli iliyopakiwa kutokana na seli iliyopo mbele ya macho yangu si fiche hata ikikaa humo mwezi mzima. Ya `kizingiti` ndiyo fiche.

Kwa saa zako tatu kuna njia ya kati: hifadhi matokeo kwenye diski kwa ufunguo unaotokana na msimbo wa seli na data iliyoingia. Vyote vikiwa havijaguswa, inasoma kutoka diski. Kimoja kikiguswa, inafunza.

---

Fundi_Mafaili · #34

Na hapo diski inaingia kwenye mjadala, ambayo naona wote mmeikwepa. Rudini #1. `pd.read_csv("vipimo.csv")`. Mtu akibadilisha faili lile saa hizi, ni mshale gani utakaoamsha seli ya 1? Hakuna. Maandishi ya msimbo hayajabadilika, jina ni lile lile. Hifadhidata ni hivyo hivyo, saa ya mashine ni hivyo hivyo.

Hata moduli zako mwenyewe. Unaandika `import zana`, kisha unahariri `zana.py` pembeni, unaendesha tena `import zana`. Python inaona moduli imeshapakiwa kwenye `sys.modules`, inakurudishia ya zamani. Ndiyo maana kuna `autoreload`.

make ya Stuart Feldman, 1976, zana ya kujenga programu, ilikuwa inaangalia angalau tarehe ya faili. Madaftari yetu ya kisasa mengi hayaangalii mpaka uyaombe. Kwa hiyo mimi naona wote mmebishana juu ya chumba kimoja cha nyumba. Chatu_Mpole anasema ni kubadilisha vitu, Nasibu ni mpangilio, dada Takwimu ni tabia za watu. Grafu ya majina haifiki nje ya mchakato, na nje ndiko data inakotoka.

---

Nasibu_42 · #35

Hilo ni la kila programu duniani, hata skripti. Halihusu madaftari.

---

Fundi_Mafaili · #36

Skripti haikuahidi kwamba skrini na kumbukumbu vinalingana.

---

Jina_Moja · #37

Samahani naingia kwa malalamiko. Mbona haya madaftari riaktivi yanakataa nitumie `i` kwenye seli mbili? Nina vitanzi kumi, kila kimoja `for i in ...`, yananiambia jina limeundwa zaidi ya mara moja. Na `fig, ax` ndiyo kabisa. Nimeishia kuwa na `ax7`.

---

Chatu_Mpole · #38

Jina likiundwa na seli mbili, mshale utoke wapi? Ndiyo maana wanakataa. Kwenye marimo anzisha jina na mstari wa chini, `_i`, `_ax`, linabaki la seli hiyo peke yake. Pluto tumia `let`. Au weka kazi ndani ya fanksheni, ni usafi pia.

---

Jina_Moja · #39

`_ax` imekubali. Naua `ax7` kwa furaha.

---

Ngoja_Nisome · #40

Swali la pembeni jamani, msinifukuze. Bado niko Jupyter ya kawaida. Nafuta jedwali kubwa kwa `del jedwali`, kumbukumbu haipungui. Nimejaribu na `gc.collect()`. Je, hii nayo ni hali fiche?

---

Dada_Grafu · #41

Ulilionyesha kwa kuandika `jedwali` peke yake mwishoni mwa seli?

---

Ngoja_Nisome · #42

Kila siku. Si ndivyo unavyoliona?

---

Dada_Grafu · #43

Basi ni hiyo. IPython huweka kila tokeo lililoonyeshwa kwenye kamusi inayoitwa `Out`, na machache ya mwisho kwenye `_`, `__` na `___`. Umefuta jina lako, lakini `Out[12]` bado imelishikilia jedwali. Tumia `%reset out`, au jizoeze kuonyesha kwa `print(jedwali.head())` badala ya kuandika jedwali zima mwishoni mwa seli.

Na ndiyo, kwangu mimi hiyo ni hali fiche halali kabisa, na hakuna seli hata moja iliyoiandika.

---

Ngoja_Nisome · #44

Imeshuka kutoka GB 11 hadi 3. Dada Grafu ubarikiwe.

---

Nasibu_42 · #45

Kabla uzi haujahamia huko: Chatu_Mpole, jaribu hii tumalize ubishi wa #21. Seli ya kwanza `orodha = []`. Ya pili `orodha.append("a")`, ya tatu `orodha.append("b")`, ya nne inaonyesha `orodha` na iko juu kabisa ya ukurasa. Fungua upya daftari, tazama inatoa nini. Kisha badilisha nafasi ya pili na ya tatu kwenye ukurasa, ufungue tena. Kama jibu linahama, mpangilio una kesi ya kujibu.

---

Chatu_Mpole · #46

Likihama litakuwa limehama kwa sababu seli mbili zinaandika ndani ya orodha moja. Tutarudi palepale.

---

Nasibu_42 · #47

Wewe jaribu kwanza. Na mwenye Pluto aijaribu kwa `push!`, tulinganishe.

---

Julia_na_Mimi · #48

Pluto iko kwenye mashine ya nyumbani. Jioni nitaweka picha za skrini hapa.